Ukurasa wa Arobaini na Moja na Mashujaa Wanaopendwa

Saa tisa na dakika ishirini za mchana, siku ya Jumanne, katika mwaka ule ziwa lilipopanda na kuingia mitaani, kijana mmoja aitwaye Kisimba aliinama katikati ya avenyu yetu, maji yamemfika magotini, akampakia mgongoni mama wa mchumba wake, akamvusha hadi penye ukavu. Saa naijua kwa sababu niliitazama. Nilikuwa nimesimama juu ya matofali mawili mbele ya nyumba yangu, na nina tabia ya kuandika saa ya kila jambo.

Atakayesoma haya kutoka mbali ataona tendo jema tu. Kwetu mwanaume hamgusi mama wa mke wake. Hali chakula mbele yake. Wakikutana njiani, mwanaume ndiye anayeingia majanini. Mimi mwenyewe nilikaa miaka kumi na moja bila kumwona mama mkwe wangu juu ya kidevu, na tulipendana sana. Kwa hiyo avenyu nzima ilinyamaza. Mama Sifa, yaani huyo aliyebebwa, alikuwa na beseni la unga wa muhogo kichwani. Angejitikisa, unga ungeingia majini. Akatulia kama gunia. Kisimba alimshusha taratibu, akarudi nyuma hatua moja, akangoja baraka.

Baraka hizo alikuwa amezisoma kwangu, ukurasa wa arobaini na moja.

Ninyi vijana mnaoandika mapenzi ya zamani kwenye simu zenu mliniuliza, kwa adabu, ni nini kinachomfanya shujaa apendwe. Mlidhani nitawapa orodha. Orodha ninayo, imo ndani ya mkebe wa maziwa ya unga, na ndiyo iliyomfikisha Kisimba pale majini. Nitawajibu kwa makosa yangu, maana hayo ndiyo niliyoyahakikisha.

Kazi yangu ilikuwa kuandika hadithi za mapenzi ya zamani kwenye kaye, yaani daftari la shule la kurasa mia, na kuziazimisha kwa siku. Niliifanya miaka kumi na tisa. Nilianza nikiwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini, kazi yenye kungoja kwingi. Sikusoma shule ya kuandika. Nilikuwa na sanduku la vitabu vya Kifaransa vya mapenzi ambavyo mtu fulani aliviacha alipohama, na kamusi isiyo na herufi za mwisho. Niliandika kwa mkono, nakala sita kwa kila hadithi. Jalada lilikuwa karatasi ya mfuko wa saruji. Nilishona kwa uzi wa nyavu, kwa sababu pini za chuma zinashika kutu haraka karibu na ziwa. Watu waliniita Papa Makaye, yaani baba wa kaye, na jina hilo limebaki hata baada ya macho kunistaafisha.

Msomaji wangu wa kwanza, na mwalimu wangu pekee, alikuwa Mama Anto, muuza ndagala. Wanawake walipoanika dagaa hao wadogo mchangani, yeye ndiye aliyesoma kwa sauti, wengine wakigeuza samaki. Alisoma vizuri, na alisimama mahali popote alipotaka kutukana.

Shujaa wangu wa kwanza alikuwa mtoto wa mfalme. Alikuwa na farasi. Nilimleta farasi huyo kutoka kwenye sanduku la Kifaransa bila kumuuliza mtu.

"Papa Makaye," Mama Anto aliniambia aliporudisha kaye, "ule farasi alikula nini?"

"Majani."

"Na mbung'o walikula nini?"

Ng'ombe wenyewe wanakufa kwa mbung'o katika sehemu nyingi za nchi hii, na mimi nilikuwa nimempitisha farasi mweupe porini kwa sura nane, akiwa na afya njema.

"Tena huyu kijana wako," aliendelea, "anaamka, anapenda. Mchana anapenda. Jioni anapenda. Nani anamulisha? Mwanaume bila kazi hapendwi, anavumiliwa tu."

Niliandika maneno hayo kwenye kadi, na hiyo ikawa kadi ya kwanza ndani ya mkebe. Tangu siku hiyo kila shujaa wangu alikuwa na kazi inayoonekana, na niliijua kazi hiyo kabla sijajua rangi ya macho yake. Nikitaka kuandika mtu anayelaza mataruma ya reli, nilikwenda kwa wazee waliosimuliwa na baba zao jinsi yalivyobebwa: watu wangapi kwa taruma moja, bega lipi, wimbo gani wa kuinulia. Mtakapomwandika mtu akipenda, wekeni kwanza malengelenge mkononi mwake. Msomaji akiyaamini malengelenge, mapenzi atayaamini kwa nusu bei.

Shujaa wa kike nilimkosea vibaya zaidi. Katika vitabu vya sanduku, wanawake walizimia. Walizimia wakipata barua, walizimia wakikosa barua. Nami nikamzimisha Mwavita wangu mara tano katika kaye moja.

"Huyu ana malaria," alisema Mama Anto. "Mupeleke hospitali, halafu tutaongea mambo ya mapenzi."

Wanawake waliokuwa wakigeuza ndagala walicheka hadi mmoja akakaa juu ya samaki wake. Nilirudi nyumbani, nikaandika upya. Mwavita wa pili aliuza samaki kwenye kambi ya wajenzi wa reli, na alihesabu kichwani haraka kuliko kapita, yaani msimamizi wa kambi, aliyekuwa na karatasi. Hakuwa mzuri kupita wengine. Nilimpa pengo la jino. Wasomaji walimpenda siku ileile. Baadaye niliwasikia wakimwita "mwenzetu," kana kwamba walimwacha sokoni muda mfupi uliopita. Uzuri wa sura msomaji anausoma na kuusahau. Ulimi wa mtu anaondoka nao nyumbani.

Na zamani yenyewe? Hapa ninyi wa simu mnafanya kosa lilelile nililolifanya. Mnamvalisha msichana nguo ya bibi yake, mnaandika kwamba taa ilikuwa ya mafuta, basi mnasema ni historia. Mimi nilijifunza kwa kuchelewa kwamba zamani inafaa tu pale inapowazuia wapendanao kitu ambacho leo hakizuiliwi. Wakati ule mfanyakazi wa kambi hakutoka bila karatasi ya ruhusa. Mkataba ulimfunga. Kalonda wangu, mlaza mataruma, alikuwa anasikia michi ya kijiji cha Mwavita ikitwanga asubuhi, na hakuweza kwenda. Nilipoandika hivyo, sikuhitaji tena mtu mbaya mwenye kovu usoni. Karatasi isiyo na muhuri ilitosha kuwaliza watu sura sita.

Sasa nije kwenye sayansi yangu, maana niliiita hivyo.

Kaye zilirudi zikiwa chafu. Mwanzoni nilikasirika. Kisha nikagundua kwamba hazikuchafuka sawasawa. Ukurasa ambapo msomaji alipita haraka ulibaki mweupe. Alipokaa, alipokula huku akisoma, alipomwita mwenzake, ukurasa ulipata mawese, magamba ya samaki, vidole. Nikatengeneza jedwali. Kila kaye iliporudi nilihesabu madoa ukurasa kwa ukurasa, nikaandika kwenye kadi. Niliona kwamba madoa yaliongezeka pale shujaa alipotengeneza paa bila kuombwa, na yalipungua pale aliposifia macho ya mtu. Kwa miaka mingi jedwali hilo halikunidanganya, nami nikaacha kumuuliza Mama Anto. Kwa nini nimuulize mtu anayenitukana, wakati nina hesabu inayonyamaza?

Kisha nikaandika ukurasa wa arobaini na moja. Mto umefurika, mama yake Mwavita amekwama, na Kalonda anamvusha mgongoni. Mila niliijua. Lakini katika vitabu vya sanduku mwanaume alibeba kila mtu: wachumba, shangazi, hata mbwa. Nilifikiri kitabu kina ruhusa yake. Nakala sita zilirudi, na ukurasa ule ulikuwa umeloa mawese kiasi kwamba ungeweza kusoma ukurasa wa nyuma yake bila kufungua. Haikuwahi kutokea. Niliandika kwenye kadi, kwa wino mwekundu: *Hapa ndipo shujaa anapendwa kuliko pote.*

Kisimba alikuja kwangu miezi michache baadaye. Alikuwa fundi wa mashine, amekulia mahali paitwapo Bendera, kwenye kambi ya wafanyakazi wa umeme, kambi ya watu wa kila kabila, na hakuwa na shangazi wala bibi wa kumfundisha. Alikuwa amemchumbia Sifa, binti wa Mama Sifa, muuza unga. Sehemu ya kwanza ya mahari alikuwa ameshatoa. Sehemu ya pili ilikuwa inangoja mama akubali.

"Papa Makaye," alisema, na njo ya kwetu ni ndiyo, "nasikia weye njo unajua wanawake wa hapa."

"Najua wasomaji."

"Njo vile vile. Mama yake Sifa hanisemeshi."

"Hapaswi kukusemesha. Ni mkwe wako."

"Najua. Lakini kuna kunyamaza kwa heshima na kuna kunyamaza kwa hasira. Huyu ananyamaza ya pili. Sasa nifanye nini ili anipende?"

Vijana, mtu mwenye mkebe wa kadi akiulizwa swali kama hilo hawezi kusema hajui. Nilifungua mkebe. Nikatoa kadi ya wino mwekundu. Nikampa na kaye, aisome mwenyewe.

"Humu," nilimwambia, "kuna ushahidi."

Basi mnajua kilichotokea Jumanne ile, saa tisa na dakika ishirini. Ninaongeza jambo moja tu: mtumbwi wa kuvusha watu ulikuwa unakuja. Tangu maji yaingie, vijana wawili walikuwa wakivusha watu kwenye avenyu kwa mtumbwi, na Mama Sifa alikuwa anaungoja. Ulikuwa umebakiza nyumba nne.

Jumamosi asubuhi familia ilikutana nyumbani kwa Mama Sifa. Mimi niliitwa na Mama Anto, ambaye ni jirani yao, na aliniambia nije na kaye. Mjomba wa Sifa ndiye aliyekalia kiti kikubwa. Kisimba aliketi kwenye benchi karibu na mlango, akitazama viatu vyake. Sifa alisimama ukutani, ingawa wasichana walikuwa wameambiwa wakae jikoni. Mama Sifa mwenyewe alikuwa chumbani, nyuma ya pazia, kwa sababu hangeweza kukaa mbele ya mkwe. Na baada ya Jumanne, hata pazia lilionekana jembamba.

"Jambo lenyewe ni fupi," alisema mjomba. "Mahari tutarudisha. Jumanne amemubeba. Kesho atamupakata?"

"Papa, nilitaka tu kusaidia," alisema Kisimba.

"Nani alikuita? Alipiga kelele? Alikuwa anazama?"

"Hapana, Papa."

"Maji ya magoti. Mama wa miaka hamsini anazama katika maji ya magoti?"

Hapo Sifa akasema, bila kupandisha sauti:

"Mjomba, kama munavunja, vunjeni nikiwa hapa, musivunje nikiwa jikoni. Mimi sikumukubali kwa sababu ya mgongo wake. Mwaka jana alipotengeneza mashine ya kusaga ya Mama, alikuja mara tatu, na mara ya tatu alikuja kusema kwamba alikosea mara ya pili. Mwanaume gani mwingine alikuja hapa kusema amekosea?"

Mjomba alitazama pazia.

"Tena ile ya kubeba hakutoa kichwani mwake," alisema Mama Anto. "Alitoa kwa huyu." Na akanielekezea midomo.

Nikasimama na kaye mkononi. Nilikuwa nimetayarisha maelezo ya jedwali, madoa na kadi. Nilifika nusu.

"Madoa gani?" aliuliza Mama Anto. "Ya ule ukurasa? Papa Makaye, ule ukurasa tuliuita wa aibu. Mwanamke akipita na sahani yake, tunamuita: kuja, ona mujinga huyu anamubeba mukwe wake. Anaweka sahani, anasoma, anashika kichwa na vidole vya mawese, anaita mwingine. Siku nzima. Hakuna kaye iliyotuchekesha kama ile."

Wakati huo nilielewa kwamba miaka mingi ya hesabu yangu ilionyesha mahali watu walipokaa, bila kuonyesha kwa nini walikaa. Ningemuuliza mtu mmoja, ningejua kwa dakika moja. Lakini yeye angenitukana, na kadi hazitukani.

"Asome," ilisema sauti nyuma ya pazia.

Kila mtu aligeuka.

"Mama Sifa anasema asome," alirudia mjomba, kana kwamba hatukusikia.

Nikasoma. Nawaambia ukweli, hakuna mtihani wa maandishi kama kusomea familia iliyokasirika. *Kalonda hakuuogopa mto. "Mama," alisema kwa sauti ya radi laini, "mgongo wangu ni daraja lako."*

"Radi laini njo nini?" aliuliza mjomba.

"Ni namna ya kusema."

"Radi ni radi."

Nikaendelea. Nilisoma hadi Kalonda anamshusha mama yule ng'ambo, naye anamwekea mkono kichwani na kumwita mwanangu. Nikafunga kaye.

"Huyo mama wa kitabu," iliuliza sauti nyuma ya pazia, "alikuwa na nini kichwani?"

"Hana kitu, Mama."

"Hana kitu. Basi alinyamaza kwa nini? Mimi nilinyamaza kwa sababu ya unga. Yeye angepiga kelele, angemupiga mgongoni. Huyo si mama, huyo ni mufuko."

Mtu alicheka jikoni. Hata Kisimba aliinua kichwa, akakirudisha haraka.

"Andika," ilisema sauti.

Nilitoa kalamu. Mama Sifa aliniambia ukurasa wa arobaini na moja kutoka nyuma ya pazia, na nauandika hapa kama alivyosema, kwa sababu sijawahi kuandika bora zaidi. Kijana anaona mama amekwama. Haendi kwake. Anatafuta mtumbwi. Hakuna mwenye kupiga kasia, basi anaingia majini mwenyewe, ameshika kamba. Anausogeza mtumbwi hadi mlangoni, halafu anageuza uso, anaangalia kwingine. Mama anapanda peke yake. Kijana anavuta, maji yanamfika kiunoni, baridi inamshika, na hageuki hata mara moja kuona kama ameonwa.

"Na mama anamwambia nini?" niliuliza.

"Hamwambii kitu. Anajua. Jioni anamwambia binti yake: yule kijana wako asilale na nguo mbichi."

Sifa alitazama ukuta. Mjomba alikohoa.

Hapo ndipo nilipopata jibu la swali lenu, vijana, baada ya miaka yote ya mkebe. Nilikuwa nimempa Kalonda nguvu za kila aina, nikasahau kumpa mtu wa kumwogopa. Mwanaume asiyemheshimu mtu yeyote hadi kugeuza uso ni mbebaji wa mizigo tu. Na shujaa wa kike naye anapendwa pale anapokataa kuhukumiwa akiwa jikoni. Zaidi ya hayo sijui, na ninyi msidhani mnajua kabla hamjauliza.

Hukumu ilitoka kabla ya saa sita. Uchumba hautavunjwa. Kwa kuwa mkono uliokosa ulikuwa wa Kisimba, na akili iliyokosa ilikuwa yangu, tutatoa pamoja mbuzi mmoja na kitenge kimoja kizuri cha kumfuta Mama Sifa aibu, nusu kwa nusu. Mimi, juu ya hayo, nitafumua uzi wa nyavu katika nakala zote sita, nitoe ukurasa wa zamani, nishone mpya. Kazi hiyo ilinichukua siku nne. Mama Anto alikuja kuhesabu nakala mwenyewe, kwa sababu, alisema, hesabu zangu anazijua sasa.

Ukurasa mpya ulirudi karibu mweupe. Zamani ningeandika kwamba umeshindwa. Safari hii nilikwenda mchangani kuuliza.

"Pale hatuli," alisema Mama Anto. "Pale tunanyamaza."

Walioana miezi mitatu baadaye, na maji yalikuwa bado avenyuni. Siku ya ndoa Kisimba aliwaomba wale vijana mtumbwi, akashika kamba mwenyewe, amevaa koti, akamvuta mama mkwe wake kutoka mlangoni hadi barabara kuu. Aligeuza uso kama ilivyoandikwa. Kwa kuwa alikuwa haangalii anakokwenda, aligonga nguzo ya fensi ya jirani, tena nguzo ya pili. Hakugeuka. Avenyu nzima ilipiga makofi.

Mama Sifa alishuka bila kuguswa na mtu, akanyoosha kitenge kipya, akasema na hewa:

"Wengine wanavuta mutumbwi kama wanavuta mbuzi." Akatembea hatua chache. "Lakini wanavuta."

Mniruhusu nimalize kama karani. Mbuzi na kitenge vilifika faranga laki moja na elfu tisini, na nusu yangu ilikuwa elfu tisini na tano, sawa na mapato ya kaye ya msimu mzima. Na Kisimba, kwa kutoungoja ule mtumbwi siku ya Jumanne, alimwokolea Mama Sifa nauli: faranga mia tano.